Kikohozi cha Bibi Nkwimba

Vijana wangu, mkinikuta sokoni Bariadi nachagua dagaa huwa mnaniuliza mambo mawili kuhusu ile albamu ya Radi Kavu. Mnauliza kwa nini inaanza na bibi kizee anayekohoa. Halafu, mkiwa mmepunguza sauti kidogo, mnauliza ni neno gani lile linalonong'onwa mwisho kabisa, magitaa yakishanyamaza. Yupo mmoja wenu aliyeniapia kwamba ni jina la pepo. Mwingine akasema ukilisikiliza mara nyingi utaota ndoto mbaya. Nilimwambia ndoto mbaya nimeshaziota zote, tena nikiwa macho, na wala sikuhitaji hedifoni.

Basi nitawaeleza. Ila nitaeleza kwa njia yangu, na mwenye haraka aende akasikilize matangazo ya kampuni za simu.

Kwanza mjue kwamba mimi ni mwoga. Sifichi. Nimekuwa fundi sauti tangu ujana wangu, kwenye magari ya matangazo, kwenye makanisa, kwenye mikutano ya wanasiasa, mpaka nikapata chumba changu cha kurekodia pale mjini na ninyi mkaanza kuniita Mama Miksa. Kazi hiyo yote nimeifanya nikiwa naogopa, na nimestaafu nikiwa na vidole vyote kumi. Waliosema kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio, nadhani walikuwa mafundi umeme.

Aliyenifundisha kuogopa ni Mzee Kaijage, mtu wa Bukoba aliyekuja huku na gari la matangazo akanogewa, hakurudi kwao. Siku ya kwanza alinishika mkono akaugeuza. "Ukitaka kujua waya una moto na huna kipimo," alisema, "gusa kwa mgongo wa mkono. Ukigusa kwa kiganja, umeme utakifumba, na kikishafumba umeshikwa wewe." Siku hizi mna testa za kila rangi, kwa hiyo msiguse kabisa. Lakini mjue tulikotoka. Alikuwa na neno lake jingine: waya unaotoa cheche umeshakuonya, uogope ule ulionyamaza.

Wingu likijikusanya, hata kama liko kule upande wa Maswa, mzee alichomoa kila kitu. Mara moja tulikuwa tunarekodi kwaya moja kutoka Shishiyu, wako kwenye ubeti wa mwisho, sauti zimepanda vizuri mpaka mwenyekiti wao anatokwa na machozi, na mzee akanyanyuka akang'oa nyaya zote kama mtu anayepalilia. Mwenyekiti alikasirika, akasema huyu fundi hana Mungu. Alikuwa bado anasema hivyo radi ilipoipiga nguzo nyuma ya kanisa. Kwaya nzima ilikuwa chini ya mabenchi, na mzee alikuwa anakunja nyaya zake taratibu. Mimi nilikuwa chini ya benchi pia, msinicheke.

Sasa, desturi ya mzee iliyo mama wa kisa hiki ni hii. Kazi ikikamilika hakuisikiliza ndani ya chumba. Alifunga spika za tarumbeta juu ya gari, akamwacha mtu kwenye mtambo, naye akashika njia kwa miguu hadi mashambani. "Kazi yako usiihukumu ukiwa umeikalia," aliniambia. "Karibu na spika kila sauti inajipendekeza. Nenda mbali uone ipi inakufuata." Na kweli, ukifika mbali, besi uliyoipenda imepotea, lakini maneno ya mwimbaji yakikufikia bado yana umbo, kazi ni nzuri. Wengi wenu mnasikiliza kwa vispika vya masikioni, halafu mnashangaa kwamba wimbo ukipigwa kwenye harusi unageuka uji.

Kwa kuwa ukiwa mbali huwezi kusemezana na mtu wa mtambo, tulikuwa na ishara. Mzee alitumia kofia, mimi nikatumia kitenge. Nikikiinua juu ya kichwa, ongeza. Nikikishusha kiunoni, punguza. Nikikizungusha, rudi mwanzo. Nikikiangusha chini, kata hapo hapo. Na sheria ilikuwa kwamba aliye kwenye mtambo haulizi. Akiona ishara anafuata, maswali yatakuja chai ikishamiminwa. Msiniambie habari za simu. Kando ya jenereta simu inalia mpaka inachoka.

Radi Kavu walinijia miaka ambayo nilishaanza kuhesabu siku za kupumzika. Kiongozi wao alikuwa Ngassa, fundi pikipiki pale mjini, mzaliwa wa Migato. Alipiga gitaa na kunguruma. Sisemi kuimba, nasema kunguruma, kama dume la ng'ombe lililochokozwa. Wa pili alikuwa Suzana, muuguzi aliyehamishiwa kwetu kutoka Singida, aliyepiga gitaa la besi na kuimba kwa sauti nzuri mno, ya kumlaza mtoto. Wa tatu ni Mwalimu Hamisi, mwalimu wa fizikia, mtu wa Lindi, mpole, anaswali swala zake zote, lakini ukimkalisha nyuma ya ngoma unajiuliza ule upole ameuweka wapi.

Nilipowasikia mara ya kwanza niliwaambia waende kwa mganga, si kwangu. Kisha nikasikiliza tena. Ngassa alikuwa amechukua nyimbo za wachungaji wa kwao, zile wanazoimba wakirudisha ng'ombe jioni, akaziweka kwenye gitaa lenye mkwaruzo, zikawa bado tamu lakini zina meno. Chini yake Hamisi anapiga kama mtu anayebomoa nyumba. Ngassa ananguruma, na katikati ya ngurumo hizo Suzana anapita na sauti yake, kama mtu anayetembea juu ya ukuta bila viatu, na wewe unashika roho asianguke. Nilifanya kazi na wengi waliouza zaidi yao. Albamu ile redio hazikuipiga, wenye kumbi walisema watu watacheza nini hapo, na mchungaji mmoja aliikemea bila kuisikiliza. Mimi nasema hakuna kazi iliyotoka mikononi mwangu iliyoipita *Vumbi la Migato*, na ninyi mmeigundua juzi tu mnajiona mmevumbua.

Chumba changu kilikuwa kidogo kwa kelele zile. Tukapata ghala kuukuu la pamba kule Ngulyati, juu ya mwinuko, bado lina marobota ndani. Hapo niwape siri ya bure: hakuna kitu kinachomeza sauti kama pamba. Tulipanga marobota pande zote na sauti ikafika ukutani isirudi. Mnanunua masponji ya bei mbaya kutoka Dar es Salaam na mmezungukwa na pamba. Ila msivute sigara humo, na amplifaya ikipata moto muizime, maana pamba ikishika haionyeshi moto, inaungua ndani kwa ndani mpaka siku nyingine. Mimi kila tulipofunga kazi nilikuwa napapasa marobota kwa mkono nikiyaaga.

Wimbo wa kwanza Ngassa aliutaka uanze na kitu cha kutisha. Akasema atamleta bibi yake apige mwano.

Kwa ambaye si wa huku, mwano ni yowe la hatari. Ng'ombe wakiibwa, au boma likivamiwa, mtu hupiga mwano, na kila mwanamume anayeusikia huchukua alicho nacho, rungu au mkuki au upinde, akatoka mbio huku naye akiupokea na kuupeleka mbele. Kitongoji kinakipa kitongoji. Hakuna anayeuliza kwanza. Asiyetoka atajieleza mbele ya sungusungu, walinzi wetu wa jadi. Na anayeonekana anaukimbia mwano, huyo ndiye mwizi, ndivyo tulivyolelewa sote. Nimeona nikiwa mtoto mtu aliyeukimbia mwano akirudishwa. Sitawaeleza alivyorudishwa.

Bibi Nkwimba alikuja kwa pikipiki ya mjukuu wake, mwembamba, mkali, akiwa na tumbaku yake ya kunusa. Kwanza aliligombeza jina la bendi. Alisema katika nchi hii radi haiitwi, inakuja yenyewe. Kisha akasikia alichoitiwa, akamgeukia Ngassa.

"Mwano si wimbo, ng'wanawane, mwanangu," alimwambia mjukuu wake. "Mwano ni moto. Utauwasha wapi?"

"Ndani ya pamba, bibi."

"Moto ndani ya pamba." Akanigeukia mimi. "Mama, huyu alisoma shule gani?"

Nilicheka. Mwishowe bibi alikubali kwa sharti kwamba milango ifungwe, na marobota yasukumwe mpaka mlangoni. Tukafanya. Suzana alisimama nje kusikiliza kama kuna kinachovuja. Bibi aliweka kiganja shavuni, akavuta pumzi, akapiga.

Wanangu, mimi nilikuwa najua ni maigizo. Nilikuwa nimekaa, hedifoni kichwani, mkono kwenye miksa. Nilijikuta nimesimama, waya umechomoka, natafuta mlango. Miguu haikuniuliza. Ngassa machozi yalikuwa yanamtoka, na Hamisi, ambaye hakujua mwano ni nini, aliuliza kama bibi anaumwa. Tulicheka tukasahau kumjibu sawasawa.

Katikati ya yowe, kabla halijapanda kwa mara ya mwisho, vumbi la pamba lilimkaba bibi akakohoa kidogo, kh-kh, kisha akaendelea. Ngassa akamwomba arudie. Bibi akafunga kibweta chake cha tumbaku. "Mwano haurudiwi," alisema, akaenda kukaa kwenye pikipiki. Ngassa akanitaka nikifute kile kikohozi. Nikakataa. Sikio la mtu linaamini pumzi kabla ya kuamini sauti. Ukifuta pumzi na vikohozi vyote, unabaki na kitu safi ambacho hakuna mtu ndani yake. Tulibishana, nikashinda, kwa sababu miksa ni yangu. Suzana akaingia akasema nje hakusikia kitu, mbuzi tu.

Tukafurahi sana. Tulifunga milango sauti ilipokuwa inaingia, na hakuna aliyefikiria itakavyotoka. Sivyo kabisa, mimi nilifikiria. Siku ya kusikiliza kwa mbali, tumefunga spika za tarumbeta juu ya gari zinatazama bondeni, nilimwambia Ngassa, "Anzia wimbo wa pili. Wa kwanza tutausikiliza ndani." Akaitikia kwa kichwa, vilevile mnavyoitikia ninyi.

Ilikuwa asubuhi inakaribia kuisha, pamba imeshavunwa, mashamba yamebaki vijiti, unaona mbali. Niliteremka hadi kwenye kichuguu kimoja karibu na korongo. Suzana alisimama juu ya bodi la gari kuangalia ishara zangu. Ngassa alikuwa kwenye mtambo, kando ya jenereta. Mwalimu Hamisi hakuwa na kazi siku hiyo. Mkewe alikuwa hospitali kule Lindi, uchungu umeanza tangu alfajiri, na yeye alikuwa anazunguka mashambani kutafuta mtandao, simu ameinyanyua juu kama anayemwonyesha Mungu. Nilimwona ng'ambo ya shamba, peke yake, amevaa fulana yao nyeusi ya bendi, ile yenye fuvu la ng'ombe kifuani.

Nikainua kitenge, maana yake ongeza, tuanze. Na kwenye spika ukatoka mwano.

Baadaye Ngassa alisema alitaka kuusikia mara moja tu ukiwa nje, na mbingu juu yake. Simlaumu sana kwa kutaka. Namlaumu kwa kufanya. Spika ya tarumbeta imetengenezwa kupeleka sauti mbali, na bonde lile halikuwa na pamba.

Mama mmoja aliyekuwa anapepeta mtama kwenye boma la karibu aliangusha ungo. Akaweka mkono mdomoni akaupokea. Wa pili akaupokea ng'ambo ya korongo. Kisha sikuweza tena kujua unatoka wapi, ulikuwa unatoka kila mahali, unakwenda, na wanaume wakaanza kutoka. Magitaa yalishaingia kwenye wimbo lakini hakuna aliyeyasikia. Niliogopa. Niliogopa mpaka nikasikia meno yangu yakigongana, kwenye jua lile. Mbele ya wanaume nilimtambua kamanda wa sungusungu, Mzee Maduhu, kwa lile koti lake la mvua analovaa hata kiangazi. Hakuwa anakimbia haraka. Alikuwa anakimbia kama mtu anayejua atafika.

Hamisi aliwaona. Kama angesimama pale pale, au kama angekimbia kuelekea kwao akachangamana nao, huenda wangempita. Lakini alikuwa mtu wa Lindi aliyeona wanaume wenye mikuki wanamjia, na sisi tulicheka badala ya kumweleza mwano ni nini. Akafanya ambavyo mtu yeyote mwenye akili angefanya. Akageuka akakimbia.

Nikasikia mtu akisema kwa Kisukuma, "Yule pale."

Nilimpigia Ngassa simu, laini yangu ilikuwa inashika. Ikaita, ikaita. Nilipiga kelele, na sauti yangu haikutoka hata kwenye shamba nililosimama. Nilitaka kuangusha kitenge spika zinyamaze, na mkono ukakataa, kwa sababu nilijua kuzima spika hakusaidii kitu. Mwano ulishatoka kwenye spika ukaingia midomoni mwa watu. Ungezima mashine ungebaki na bonde zima linalolia lenyewe, na mtu mmoja mwenye fulana ya fuvu anakimbilia korongoni.

Ndipo nikakumbuka kikohozi.

Nawaambia ukweli, sikuwa na uhakika. Kuurudisha mwano ule kulikuwa ni kumwaga petroli kwenye moto, na kama nilikosea ni mimi ambaye ningekuwa nimemuua. Nilizungusha kitenge. Rudi mwanzo. Suzana akaona, akamwambia Ngassa, na kwa kuwa sheria ni kutouliza, hawakuuliza. Mwano ukatoka tena, mkubwa, na nikaona wale wanaume wakiongeza mbio. Kikohozi, kh-kh. Nikaangusha kitenge. Ukakatika katikati ya pumzi.

Nikakiokota nikakizungusha tena. Mwano, kikohozi, kitenge chini, kimya. Tena. Mwano ule ule, kikohozi kile kile, kimya. Hamisi alianguka kwenye ukingo wa korongo na vijana waliotangulia wakamfikia, na nikaona rungu likipanda na kushuka, likampata begani, na nikasikia kelele yake hadi pale nilipo. Nikakizungusha tena. Mwano, kikohozi, kimya.

Mzee Maduhu alisimama. Akageuza kichwa kuelekea ghalani. Alimjua Bibi Nkwimba, aliyekuwa mtu wa miaka yake, na alikuwa ameufuata mwano wake halisi zamani, ng'ombe wakarudi. Hakuna mtu anayekohoa vile, mahali pale pale, kwa urefu ule ule, kisha akakata pumzi kama aliyezibwa; hiyo ni mashine. Aliinua mkono. Waliokuwa nyuma yake wakasimama, lakini waliokuwa korongoni hawakuwa wanamtazama.

Nilikimbia. Kwa umri ule na kandambili zile, nilikimbia. Nilipofika, Mzee Maduhu alikuwa ameshafika na vijana walikuwa wamezunguka. Hamisi alikuwa amekaa chini, bega limeanguka, simu imevunjika mbele yake, uso una rangi ya majivu. Kwa miezi yote aliyokaa kwetu alikuwa amejifunza salamu moja tu ya Kisukuma, ile ya asubuhi, na alikuwa anaitoa kwa kila aliyemtazama.

"Mwangaluka," alikuwa anasema. "Mwangaluka, baba. Mwangaluka."

Mwenye rungu alikuwa bado amelinyanyua. Mzee Maduhu alimtazama yule mwalimu, akatazama fuvu kifuani, akatazama jua, ambalo lilikuwa limeshafika juu ya vichwa vyetu.

"Saa hizi hatusemi hivyo," alisema kwa Kiswahili, taratibu. "Saa hizi tunasema mwadila."

"Mwadila," alisema Hamisi.

"Mwadila mhola," alijibu mzee. Na kijana mwenye rungu akalishusha, kwa sababu mtu ukishajibiwa salamu yako na mkubwa, nani tena atakupiga?

Mimi nilikaa chini palepale kwenye vumbi nikalia. Nilikuwa nimekuja na maelezo yangu yote ya mitambo, na hakuna aliyeyahitaji tena.

Kikao cha sungusungu kiliitwa. Bibi Nkwimba aliletwa, akasimama bila kuambiwa. "Sauti ni yangu," alisema. "Niliipiga ndani, mlango umefungwa. Aliyeitoa nje ni huyu." Hakumwonea haya mjukuu wake. Ngassa aliamriwa aufuate mwano kwa miguu, kitongoji kwa kitongoji, mpaka pale ulipofika mwisho, na kila mahali aseme kwa mdomo wake kwamba ulikuwa wa uongo. Alirudi siku nyingine amevimba miguu. Alisema mahali pa mwisho alikuta wazee bado wamekaa njiani na pinde zao, hawajala, wanasubiri kujua ni boma la nani lililoibiwa. Walipomsikia hawakumgombeza. Waliinuka tu wakaenda zao. Alisema hilo ndilo lililomwumiza kuliko yote.

Mimi niliamriwa kuufuta mwano mbele ya watu. Nikaleta kompyuta, nikaufungua, wote wameinama kuangalia ile milima midogo ya sauti kwenye kioo. Ngassa akaomba kitu kimoja, kwa sauti ambayo si ile ya kunguruma. Akaomba kikohozi kibaki.

Mzee Maduhu alifikiri. "Kikohozi hakijawahi kumwita mtu," alisema. "Kiacheni." Bibi Nkwimba alikuwa wa kwanza kucheka.

Basi ndicho hicho mnachokisikia. Kabla yake palikuwa na mwano na baada yake palikuwa na mwano, na vipande vyote viwili nimevifuta kwa mkono wangu huu. Na ninyi mnaonitumia ujumbe mkiuliza kama bado ninao mahali, nimefuta. Msiniulize tena. Na msimwombe bibi yeyote awapigie mwingine, hata ndani ya pamba.

Mwalimu Hamisi alikaa kwao Lindi hadi bega likapona. Mtoto alizaliwa salama siku ile ile, wa kike, na yeye alikuja kujua baadaye kwa simu ya Suzana, kwenye kitanda cha zahanati. Tulidhani hatutamwona tena. Alirudi kuchukua vitu vyake, uhamisho umeshatoka, akasema bado anatudai wimbo wa mwisho.

Wimbo ule ulitungwa uwe wa polepole, nataka mlijue hilo. Ni wimbo wa kurudisha ng'ombe nyumbani. Alianza polepole. Kisha nikaona macho yake yametoka ghalani yamekwenda mahali, na mikono ikaanza kwenda mbio, na Ngassa na Suzana wakamfuata kwa sababu hawakuwa na la kufanya. Niliinua mkono nimsimamishe, nikaushusha. Mnausifia wimbo ule kwa kasi. Nawasikia mkishindana nani ataufikia. Sikilizeni vizuri mtasikia si kasi ya mtu anayepiga ngoma. Ni mtu anakimbia kwenye vijiti vya pamba, na mimi mpaka leo siwezi kuusikiliza nikiwa nimekaa.

Ulipoisha alibaki ameshika vijiti vyake, anahema, jasho linadondoka kwenye ngozi ya ngoma. Maiki zilikuwa bado wazi. Mlango wa ghala ulikuwa umeachwa wazi siku hiyo, tulikuwa hatuna tena cha kuficha, na kivuli cha mtu kikaingia kutoka nje. Alikuwa Mzee Maduhu na koti lake la mvua, amekuja kumuaga. Hamisi alimwona. Kijiti kikamponyoka. Kisha, kabla mzee hajafungua mdomo, akaiwahi yeye salamu, kwa sauti ndogo, ya saa ile ile inayostahili. Hilo ndilo neno lenu la pepo.

"Mwadila."